Kilomita Sitini na Moja na Moto wa Mzee Jilala

Trrr. Kikombe cha bati kililia gizani mara moja, kikanyamaza.

Simu yangu hulala ndani ya kikombe hicho, juu ya kabati la vyombo, maana nyumbani kwetu Mhunze mtandao unapatikana pale tu. Lusia, binti yangu wa miaka sita, aligeuka kitandani akanitupia mguu tumboni. Nilimwondoa taratibu, nikapapasa hadi kabatini, nikasoma meseji nikiwa nimesimama peku kwenye sakafu ya baridi. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha masomo ya jioni: kinafika, ila kinafika kwa miguu. Nilisoma mara tatu kabla sijakubali kilichoandikwa. Safari yangu ya Jumamosi iliyopita, kilomita sitini na moja hewani, ilikuwa imesimamishwa. Alama: sifuri. Maelezo yangefuata.

Nilirudi kitandani lakini usingizi haukurudi nami.

Sisi ni kikundi cha watu wanne tunaorusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, kwenye uwanja wa vumbi nje kidogo ya Mhunze. Inavutwa kwa kamba ndefu na mashine ambayo Ngusa, fundi wa kuchomelea, aliiunda kwa injini ya lori la Fuso lililokufa. Ikifika juu unaachia kamba, na kuanzia hapo ni wewe na hewa. Hewa moto inayopanda kutoka kwenye ardhi kavu tunaiita ngazi. Ukiipata ngazi unazunguka ndani yake kama mwewe, unapanda. Ukiikosa unashuka, unatafuta shamba lisilo na ng'ombe.

Mimi nilianza kama mzigo. Nilikuwa nauza uji pale uwanjani, na siku moja Mwalimu Ignas, anayetufundisha kuruka, alitaka mtu wa kujaza kiti cha pili wakati anaijaribu ndege baada ya matengenezo. Nikajaza kiti. Niliposhuka niliuliza swali moja. Wiki iliyofuata niliuliza matano. Baada ya miaka miwili na nusu nilikuwa naruka peke yangu, na uji nikamwachia wifi yangu.

Tatizo ni kwamba ndege si yetu. Tumeiazima kwa chama kimoja cha mbali, na mwaka huu chama kilituandikia barua: kikundi kitakachobaki na ndege ni kile chenye marubani watatu kwenye orodha ya mashindano ya mtandaoni, kila mmoja na safari ya alama hamsini au zaidi, kabla ya jua kuzama Jumapili ya mwisho ya Septemba. Katika mashindano hayo unaruka kwenu, kifaa kidogo kinanasa njia uliyopita, unaituma, na kamati iliyoko huko iliko inakupa alama. Ngusa alikuwa na safari yake. Fredy, mnunuzi wa dhahabu anayetoka Geita kila mwisho wa wiki, alikuwa na yake. Mwalimu Ignas macho yalimkataza kuruka peke yake. Wa tatu nilikuwa mimi, na Jumapili yenyewe ilikuwa kesho. Kuruka upya kusingewezekana, kwani kamba ya kuvutia ilikatika wiki ile na mpya ilikuwa bado Mwanza.

Asubuhi nilimshika Lusia mkono, nikaenda uwanjani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Lusia. Mbona uso kama umemeza nzi?"

Nikamwonyesha simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. Miwani alikuwa ameisahau, kama kawaida yake. Ngusa na Fredy wakatoka chini ya bawa walipokuwa wamejilaza, nikawasomea.

"Ah, hiyo naijua," alisema Fredy, akijifuta vumbi magotini. "Wanakuchoma."

"Wananichoma nini?"

"Kilomita. Mtu akiniletea dhahabu Geita, siinunui hivyo hivyo kama ilivyotoka shimoni. Naichoma kwanza, uchafu unaondoka, ndipo napima. Wewe umepeleka sitini na moja ghafi. Sasa hivi wamekaa kule na moto wao, wanachoma. Wakimaliza zitabaki arobaini na nane."

"Kilomita zangu hazina uchafu, Fredy!"

"Zina. Ulizunguka mara arobaini na moja mahali pamoja. Kule kuzunguka ni mchanga tu, dada yangu. Dhahabu ni pale ulipokwenda moja kwa moja."

"Kanuni hazisemi hivyo," alisema Mwalimu Ignas. "Kanuni zinasema kila kilomita ni alama moja, halafu wanazidisha kwa namba ya ndege. Ndege kuukuu inaongezewa, kwa sababu inahangaika zaidi."

"Na rubani kuukuu je?" aliuliza Ngusa. "Maana kama wanahesabu na umri wa rubani, Mwalimu apandishwe leo hii. Atapata alama kabla hajaachia kamba."

"Nitakupandisha wewe juu ya punda," alijibu Mwalimu, nasi tukacheka, hata mimi niliyekuwa nimebeba sifuri.

Walivyoendelea hivyo, ungedhani ni mabaharia wanaoshindana kudanganya. Fredy akasema kamati huwa inakata alama kwa uzito wa chakula alichokula rubani. Mwalimu akasema yupo mtu kule kazi yake ni kutazama ramani zote duniani kutwa, na siku akigombana na mkewe wote tunapata arobaini. Lusia alikuwa ameketi kwenye ndoo akiandika herufi vumbini kwa kijiti. Yuko darasa la kwanza, na siku hizo alikuwa anasoma kila kitu, hadi mifuko ya saruji.

Ngusa alikuwa ameacha utani. Mtu anayemjua Ngusa angeshtuka mapema.

"Mimi nilidhani alama ni watu," alisema mwishowe.

"Watu gani?"

"Watu! Watazamaji. Kama ngoma."

Hapo inabidi nieleze, maana asiye wa huku anaweza kupotea. Baba yake Ngusa alikuwa manju, kiongozi wa ngoma upande wa Bagika. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana, hawapandi jukwaani mmoja baada ya mwingine mbele ya majaji. Wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi na duara lake. Watu wako huru kutembea. Wanaoona kwako kumepooza wanahamia kwa mwenzako, na jioni aliyezungukwa na wengi ndiye mshindi. Na mashabiki hawakai kimya: huyu anajisifu kwamba yeye ndiye aliyemtengenezea manju dawa, yule kwamba ndiye aliyempa kofia ya bahati. Kila mtu anataka kuwa na mkono kwenye ushindi.

"Chini ya safari ya Mama Lusia niliona nafasi ya watu kuandika maoni," alisema Ngusa. "Nikajiambia, aa, kumbe ndipo watu wanapohesabiwa. Nikatuma kwenye kundi letu la ngoma. Nikawaambia, ingieni, tuonyeshe wingi wetu."

"Wangapi waliingia?" niliuliza.

"Mia mbili na kumi na nne," alisema, na hata katika aibu yake nilisikia fahari.

Mwalimu Ignas alikaa chini taratibu, juu ya tairi.

Simu ikalia mkononi mwangu. Maelezo yalikuwa yamefika. Nilisoma kwa sauti, nikigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno: "Kamati imesoma maoni yaliyo chini ya safari hii. Inaonekana mtu aliye ardhini aliwasha moto makusudi ili kumsaidia rubani kupanda. Msaada wa namna hiyo hauruhusiwi. Tafadhali eleza."

Tukaanza kupekua maoni. Mengi yalikuwa heri na vigelegele. Mmoja aliuliza kama ninaweza kubeba mbuzi. Kisha, la themanini na kitu, tukalikuta: "Mimi Jilala ndiye niliyemwashia moto huyu mama akapanda. Bila mimi angeangukia mihogo. Bagika oyee."

Fredy alipiga mluzi. "Huyo amekuchoma kweli kweli."

Moto ulikuwepo, siwezi kukataa. Jumamosi ile nilikuwa nimepoteza ngazi, nikashuka hadi nikaanza kuona kuku. Nilishachagua shamba la kutua, namuomba Mungu anirudishe kwa mwanangu na magurudumu yakiwa chini. Ndipo, ng'ambo ya korongo, nikaona moshi umesimama wima kama nguzo. Nikaugeukia. Harufu ya pamba iliyoungua iliingia hadi puani, vipande vya majivu vikanipita dirishani vikielekea juu, na mshale wa kipimo ukapanda nami nikapanda. Kuutumia moto uliokwishakuwepo si kosa. Kuwashiwa ndilo kosa. Sasa, aliniwashia au hakuniwashia? Sikujua. Hilo ndilo lililoniuma: huenda alama zile hazikuwa zangu.

"Twende kwake," nilisema.

"Tumwambie afute tu hayo maoni," alisema Ngusa. "Dakika mbili."

"Na kama ni kweli?"

Nikamwachia Mwalimu Lusia. Ngusa, anayepajua kwa Jilala tangu enzi za ngoma za baba yake, akawasha pikipiki.

Mzee Jilala tulimkuta anapanga matofali ya tanuri, kofia yake ya manyoya imeegemea nyuma ya kichwa. Tulimpa shikamoo, akatuitikia kwa kicheko, akamwita mkewe alete viti, akamwambia aje amwone yule mama wa angani ambaye yeye alimpandisha.

"Mzee," nilisema, "naomba unisimulie ile Jumamosi. Tangu asubuhi."

"Nini cha kusimulia? Nilikuona unaanguka, nikawasha moto, ukapanda. Dunia nzima inajua."

"Saa ngapi uliwasha?"

"Saa..." Alikuna shingo. "Ulipokuwa unaanguka."

Mkewe, Mama Melania, alikuwa ameshaleta viti, akasimama pale na khanga yake. "Jilala," alisema polepole. "Masalia ya pamba uliyachoma asubuhi. Bwana shamba alisema Jumamosi ndiyo mwisho wa kuchoma, anayebaki na masalia shambani anaandikwa kwenye kitabu cha faini. Uliamka kabla yangu. Saa tatu moshi ulikuwa umeshanitoa machozi jikoni."

"Yaya," alisema mzee, na ile hapana yake ya Kisukuma ilikuwa ndogo sana.

Mimi niliachia kamba saa saba kasoro. Kwa hiyo moto haukuwashwa kwa ajili yangu, lakini swali moja lilikuwa limebaki.

"Na uliponiona, mzee, uliongeza chochote motoni? Hata tawi moja? Ukisema ndiyo, nitaandika ndiyo. Sitakasirika."

Aliliweka chini tofali alilokuwa amelishika.

"Sikufanya kitu," alisema Mzee Jilala. "Nilivua kofia."

"Ulivua kofia?"

"Nilidhani umekwisha. Ndege haina sauti, iko chini, inayumba. Nikasema, mtoto wa watu huyo anakufa, na anafia kwangu. Miguu ikagoma. Sikukimbia, sikuita mtu. Nikavua kofia kama mtu aliye msibani." Akaigusa kofia yake. "Halafu ukauingia moshi wangu ukaanza kupanda. Unazunguka, unapanda, unazunguka, unapanda. Nikalia, mama. Nikapiga kelele peke yangu shambani. Sasa jioni, mnadani, mtu atasimuliaje kwamba alisimama tu? Nikasema nilikupandisha."

Mama Melania alicheka hadi akakaa kwenye kiti alichowaletea wageni. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria mtu asiyenijua, amesimama na kofia mkononi kwa ajili yangu.

"Nikiandika hivyo, utakubali?" nilimuuliza.

"Watanicheka Bagalu wote."

"Moto ulikuwa wako, mzee. Hilo nitaliandika pia. Bila moto wako ningetua kwenye mihogo."

Alifikiri. "Uandike mihogo ilikuwa yangu vilevile."

Niliandika pale pale, juu ya kiti, kwa Kiingereza changu cha masomo ya jioni, sentensi fupi fupi ili zisianguke. Niliandika kwamba moto ulikuwa wa Mzee Jilala, wa kuchoma masalia ya pamba, na uliwashwa kabla ya saa tatu asubuhi, nami niliruka saa saba kasoro. Niliandika kwamba watu mia mbili na kumi na nne walikuja kwa sababu ya kosa letu wenyewe: huku kwetu, katika ngoma, mshindi ni mwenye watu wengi, na shabiki hujisifu. Niliandika kwamba mzee aliponiona alidhani ninakufa, akavua kofia. Niliambatanisha picha, aliyokwenda kuipiga Ngusa, ya tangazo la bwana shamba, lile lililobandikwa kwenye mti wa ofisi ya kijiji, lenye tarehe na muhuri. Mzee Jilala alitaka na picha yake iende. Nikampiga picha, kofia kifuani. Nikatuma kutoka juu ya lile tanuri la matofali, kwani pale ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu.

Jibu halikuja Jumamosi. Jumapili asubuhi kikombe cha bati hakikulia. Tulitoka kanisani, tukala, tukaenda uwanjani wote, na Mzee Jilala akaja kwa baiskeli akiwa na mkewe kwenye kiti cha nyuma. Mwalimu Ignas aliifuta ndege vumbi kuanzia pua hadi mkia, taratibu sana, jinsi mtu anavyomvalisha mtoto anayeondoka. Miwani siku hiyo alikuja nayo. Hakuna aliyemtania.

"Wanapima uzito wa kofia," alisema Fredy ilipofika saa kumi. "Ya manyoya itakuwa inawasumbua."

"Wamegawanyika," alisema Ngusa. "Wengine kule ni Bagalu."

Saa kumi na moja na nusu jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Meseji ikaingia. Nikamsogezea Mwalimu simu, naye akasema, "Soma mwenyewe, Mama Lusia. Ni yako."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa na mama mmoja wa kamati. Alisema amesimamia mashindano miaka kumi na tano na hajawahi kuona safari moja yenye watazamaji mia mbili na kumi na nne. Alisema kanuni hazihesabu watazamaji, hata kama anatamani zingewahesabu. Alisema wenzake walibishana kuhusu tangazo na saa, lakini yeye hakuwa na mashaka tangu mwanzo, kwa sababu mtu anayekusaidia kupanda havui kofia. Safari imekubaliwa. Kwa umri wa ndege yetu, alama sitini na tisa. Kisha akamsalimia Mzee Jilala, na kumuomba asichome chochote Jumamosi ijayo.

"Mmesikia?" alisema Ngusa, akiwa ameshaanza kucheza. "Hajasema hawawahesabu!"

"Amesema hivyo hivyo, Ngusa!" nilimwambia.

"Amesema anatamani. Huyo ni wetu!"

Mzee Jilala alimuuliza Fredy kama sitini na tisa ni nyingi. Fredy akasema hiyo imeshachomwa na kupimwa, safi kabisa, haina mchanga hata chembe. Mama Melania akapiga kigelegele, na ng'ombe waliokuwa wanakatiza uwanja wakasimama kututazama.

Mimi bado sikuwa nimeamini. Sifuri ya alfajiri ile ilikuwa bado imenikaa kifuani, na meseji si orodha. Nikafungua orodha yenyewe. Mtandao ulikuwa unasuasua. Ukurasa ulikuja mstari mmoja mmoja, kama mtu anayechota maji kwa kijiko. Majina ya wageni, nchi za wageni. Macho yangu yalijaa machozi, herufi zikacheza, sikuona kitu.

Lusia alipanda juu ya ndoo. Akaishika simu kwa mikono miwili, kidole chake chenye vumbi kikashuka polepole kwenye kioo, midomo ikitamka silabi kimya kimya, kikapita la Ngusa, kikapita la Fredy, kikasimama.

"Mama," alisema, "jina lako lipo hapa."